Mandhari ya Ulimi

Mambo haya yalitokea mbali, katika nchi isiyopakana na yetu wala kufanana nayo hata kidogo. Msomaji atakayehisi kwamba amewahi kuishi huko anashauriwa anywe maji, ajinyooshe kidogo, na hisia hizo zitapita zenyewe.

Katika nchi hiyo hapakuwa na madhara. Dawa zilikuwapo, tena tele: za kupewa kwa cheti cha daktari, za kununua dukani pamoja na sukari na kiberiti, na zile za kuazima kwa jirani kwa kuwa naye kichwa kilimuuma juzijuzi akameza akapona. Ila madhara hayakuwapo, kwa sababu neno lenyewe lilikuwa limefutwa, na kufutwa kwake kulikuwa hivi.

Siku ya kuzindua Tulizo, kidonge cha taifa cha kushusha presha, Mpigachapa wa Serikali alipitiwa. Kwenye karatasi ya maelezo, pale palipotakiwa kuandikwa “madhara ya dawa hii”, pakatoka “mandhari ya dawa hii”. Kosa la namna hiyo katika nchi nyingine husahihishwa kwa kalamu. Lakini karatasi ilikuwa imeshafika mkononi mwa Mheshimiwa Mkuu, na Mkuu hakuwa na desturi ya kusoma kitu kabla ya kukisomea watu. Akapanda jukwaani, akasafisha koo, akasoma: “Mandhari ya dawa hii ni kikohozi kikavu, kizunguzungu, na kuvimba midomo, ulimi na koo. Ukiona mandhari haya, acha.”

Ukurasa ukaishia hapo. Wa pili, uliokuwa ukianza na maneno “kuitumia mara moja, umwahi daktari”, ulikuwa umegandana na wa kwanza kwa jasho la mpambe aliyeushika. Wananchi walisikia tu “ukiona mandhari haya, acha”, wakaelewa kama anavyoelewa mtu yeyote mwenye Kiswahili chake anaposimuliwa harusi iliyofana: acha, bwana, usiseme. Uwanja ukarindima kwa vigelegele. Mkuu akakunja karatasi yake, akashuka ameridhika.

Kesho yake Wizara ya Afya ikaitwa Wizara ya Afya na Vivutio. Chuo Kikuu nacho, baada ya kikao kizito, kikalihamisha neno mandhari kutoka ngeli yake ya zamani na kulipeleka kwenye ngeli aliyoitumia Mkuu, na profesa mmoja aliyenyoosha mkono kuuliza swali akapewa likizo ndefu. Tangu hapo, mtu ambaye dawa ilimvimbisha, au ilimbabua, au ilimtapisha damu, hakuwa mgonjwa tena. Alikuwa mahali pa kutazamwa.

*

Hemedi Kilua alikuwa Mhifadhi wa Mandhari ya Dawa katika wilaya moja ya bara. Mandhari yakijitokeza kwa mtu, yeye alifika na mkoba wake begani, ndani yake mna kamba ya manila na kibao kilichoandikwa USIGUSE, MALI YA TAIFA. Alikizungushia kitanda kamba, akakining'iniza kibao, akasimama pembeni kuhakikisha hakuna mtu anayeyaharibu mandhari. Kuyaharibu, kwa mujibu wa sheria, ilikuwa ni kuyatibu.

Kazi yake aliijua, lisemwalo na lisemwe. Kulikuwa na mzee mmoja wa sokoni aliyekuwa akibugia vidonge vya maumivu ya goti, asubuhi na jioni, tumbo tupu, kwa sababu muuza duka alimwambia havina neno. Choo chake kikawa cheusi kama lami. Kilua alimfungia kamba, akampa mkono. “Hongera, mzee. Una mandhari ya ndani, hayo ni adimu.” Kisha akaja mama mmoja aliyekuwa amepewa dawa ya kuua vijidudu bila kuulizwa kama inamdhuru, ngozi ikaanza kumvuka mgongoni kama maganda ya kitunguu. Huyo alileta sifa kubwa wilayani. Shule zilipanga zamu kuja kumtazama. Daktari mmoja, jina lake Shebe, alishindwa kuvumilia, akajipenyeza chini ya kamba akamchoma sindano. Kilua alimwona, akamripoti, Shebe akafungwa. Mama wa ngozi akafa wiki hiyohiyo, ingawa huko mandhari hayafi. Kilua alibadilisha kibao tu, akaweka kingine: KIVUTIO KIMEFUNGWA KWA UKARABATI.

Usiku alilala bila shida. “Mimi ni kamba tu,” alipenda kuwaambia wenzake ofisini. “Kamba haina kosa. Kosa ni la anayeifunga.” Hakuna aliyemkumbusha kwamba anayeifunga ni yeye.

*

Mkewe, Sikudhani, alianza kumeza Tulizo siku alipopimwa presha kwenye maonyesho ya wakulima, kati ya banda la mbuzi na banda la mbolea. Kwanza kilimjia kikohozi kikavu kisichokuwa na mafua wala homa. Bi Chausiku, jirani yao wa ukuta mmoja, alikuja na bakuli la tambi kumpongeza. “Shoga, naona umeanza kupendeza ndani kwa ndani,” alimwambia. Sikudhani alicheka, akakohoa, akaendelea na dozi yake. Kilua naye alikisikia kile kikohozi kila siku, akakihesabu kuwa ni daraja la chini, lisilohitaji kamba.

Asubuhi moja ya Jumamosi alikuwa mezani anakunywa chai, mkewe akichoma vitumbua. Sikudhani akageuka kutoka jikoni.

“Baba Zena, hebu nitazame mdomo. Kama vile nimeumwa na nyuki.”

Kilua akainua uso. Mdomo wa chini wa mkewe ulikuwa umetuna na kulegea upande mmoja. Midomo ya namna hiyo alikuwa ameshaifungia kamba mingi, na alijua kinachofuata baada ya mdomo. Akakiweka kikombe chini.

“Toa ulimi.”

“Unaniagiza kama mtoto wa chekechea,” Sikudhani alisema, lakini akautoa. Ulikuwa mnene, kingo zake zimeshika alama za meno.

“Leo umemeza?”

“Nimemeza sasa hivi. Kwani si ndiyo saa yake?” Sauti yake tayari ilikuwa ya mtu mwenye kaimati kinywani.

Kilua alisimama, akafunga dirisha. Sheria aliijua kuliko jina la babu yake. Mandhari yanakuwa mali ya taifa pale tu yanapoonekana au kusikika kwa mtu asiye wa nyumba hiyo. Kabla ya hapo ni siri ya familia. Kama angemfikisha hospitali bila mtu kumtambua, na kama angempata daktari mwenye moyo, pengine mkewe angetibiwa kama watu walivyokuwa wakitibiwa zamani. Hakuwahi kuogopa hivyo tangu azaliwe. Alimvuta mkewe mkono, akamtanda khanga mpaka puani.

“Tunakwenda hospitali. Njiani usimwitikie mtu yeyote. Umenisikia, Mama Zena? Hata akuite nani.”

“Kuna nini?”

“Nifuate tu, nakuomba.”

Sikudhani akamwangalia. Mumewe hakuwa mtu wa kuomba. Akavaa kandambili zake bila swali la pili.

Walipofungua mlango, Bi Chausiku alikuwa kizingitini, ungo mkononi, amekuja kuurudisha. “Mbona mmejifunika kama wezi wa kuku?” akasema. “Shoga, hujambo?”

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Sikudhani alikuwa amelelewa vizuri. Mama yake alimfundisha kwamba salamu ni deni, na asiyeitikia salamu hana tofauti na gogo. Alilikumbuka onyo la mumewe, naam, lakini lilikuwa na umri wa dakika moja, na malezi yalikuwa na umri wake wote.

“Thijambo,” akajibu.

Ungo ukaanguka. Bi Chausiku akamfunua khanga kwa vidole viwili, akatazama, akaachia kigelegele kilichowatoa watu kwenye nyumba zao. “Jamani njooni muone, mtaa wetu umepata. Tena kwa Mhifadhi mwenyewe.”

*

Bajaji iliyowabeba ilifika hospitali ikifuatwa na msururu wa watu wanaoimba. Wodini waliingia kwa Daktari Mbonea, mwanamke wa makamo mwenye miwani. Alimtazama Sikudhani mara moja, akapiga hatua kuelekea kwake. Kisha akamwona Kilua na mkoba wake, akarudi nyuma, akaweka mikono mgongoni. Madaktari wote wa wilaya walikuwa wakifanya hivyo wakimwona Kilua.

“Hongera, Bwana Mhifadhi,” alisema kwa sauti ya kusikika hadi mlangoni.

“Usinipe hongera, Daktari. Mtibu.”

“Kamba unayo?”

“Iko mkobani.”

“Basi ifunge, mimi nikae nje yake. Wewe ndiye uliyetufundisha.” Daktari Mbonea hakupandisha sauti. “Mwenzangu Shebe yuko ndani kwa sindano moja. Nilikuwa nimesimama hapahapa ulipokuwa unaandika jina lake.”

Kilua alipandwa na aibu mpaka masikioni. Sikudhani alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda ameinamia mbele, kwa sababu mate hayamezeki tena, yanamchuruzika juu ya khanga. Kila akivuta pumzi kulisikika kamluzi kadogo kooni. Akaushika mkono wa mumewe akauminya kwa nguvu, akamtazama kama anayeuliza kwa nini wanazungumza.

“Nilikosea kwa Shebe,” Kilua alisema. “Nifunge mimi baadaye, nipige, fanya utakavyo. Lakini huyu atakufa.”

“Najua.” Daktari akamsogelea, akanong'ona. “Nikwambie kwa lugha ya zamani? Ni kile kidonge. Asikiguse tena maisha yake, hata nusu. Ulimi unaziba, na koo linafuata. Anahitaji mpira wa kupumulia upite kooni sasa hivi, wakati pana upenyo. Tukichelewa hautapita. Mpira ninao kabatini. Kibali sina.”

“Omba kibali.”

“Mwaka jana niliomba. Niliandika ‘mpira’, ombi likapelekwa Wizara ya Michezo. Walinijibu kwamba uwanja wetu hauna majukwaa.”

Kilua akasimama katikati ya wodi, kamluzi ka mkewe kakimchoma masikio. Ni nini katika nchi ile kiliwahi kugusa mandhari na kisifungwe? Akawaza maporomoko ya mto, yaliyokuwa kwenye noti mpaka yalipozibwa. Akawaza mlima uliochongwa nusu ili kipatikane kituo cha mafuta, na msitu uliofyekwa wote kujenga hoteli iliyoitwa Msituni. Hakuna aliyefungwa kwa hayo. Waliohusika walipewa nishani, kwa sababu ya neno moja tu lililotangulia.

“Daktari, huo mpira una tundu?”

“Una tundu.”

“Unachukua kitu upande mmoja unakipeleka upande wa pili?”

“Hewa, ndiyo.”

“Basi si mpira. Ni bomba. Na haya si matibabu, ni mradi wa bomba.”

Daktari Mbonea akaenda kabatini kuchukua glovu. Kilua akampigia simu Katibu wa Wilaya, mtu ambaye Jumamosi hakupokea simu hata ya mama yake.

“Bwana Katibu, wilaya imepata mradi wa bomba.”

“La mafuta?” Katibu aliuliza, na kiti chake kikasikika kikisogea.

“La hewa.”

“Kutoka wapi kwenda wapi?”

“Kutoka nje kwenda ndani.”

Karatasi zikasikika zikifunuliwa upande wa pili. “Huo ni wa kimataifa,” Katibu akasema kwa sauti ya chini. “Msiguse kitu. Mheshimiwa Naibu Waziri yuko hapahapa wilayani, anazindua choo cha soko. Nakuja naye awe mgeni rasmi.”

“Bwana Katibu, hakuna muda. Tuanze, azindue baadaye.”

“Mradi usiozinduliwa ni uharibifu wa mandhari, wewe unalijua hilo kuliko mimi,” Katibu alisema, akakata simu.

*

Walikuja upesi, hilo lazima lisemwe kwa haki. Walikuja na turubai wakalifunga ndani ya wodi ingawa wodi ilikuwa na paa, na zulia jekundu, na kikundi cha ngoma, na viti vya plastiki vilivyovalishwa vitambaa. Wagonjwa wengine walisogezwa ukutani wawe wananchi. Utepe wa satini ulifungwa kutoka kichwani mwa kitanda hadi miguuni, ukipita juu ya kifua cha Sikudhani. Mkasi uliwekwa juu ya sinia lenye kitambaa cha kufuma. Daktari Mbonea akasimama pembeni ya utepe, glovu mikononi, bomba tayari. Bi Chausiku alipata kiti cha mbele kwa heshima ya kuwa mgunduzi.

Naibu Waziri, Mheshimiwa Bakiza Mfaume, alikuwa pande la mtu mwenye tai fupi. Alikuwa na desturi yake: popote anapozindua kitu, humeza kwanza Tulizo mbele ya watu, kama mfano. Alikuwa ameshameza kimoja chooni. Akaletewa maji, akameza kingine, akafungua kinywa wananchi waone kimepita. Wakapiga makofi. Akakohoa kikohozi kikavu, akashika kipaza sauti.

Katika nchi nyingine, msemaji mwenye haraka husema “itifaki imezingatiwa”, akaingia kwenye mada. Huko maneno hayo yalimfukuzisha kazi mkuu wa mkoa mmoja, yakahesabiwa kuwa ni uvivu wa adabu, na tangu hapo ikawa lazima kila mtu atajwe.

“Bwana Katibu wa Wilaya,” alianza Mheshimiwa. “Bwana Msaidizi wa Katibu wa Wilaya. Viongozi wetu wa dini. Wazee wa wilaya. Mwenyekiti wa soko. Mwenyekiti wa kamati ya choo cha soko. Wajumbe wa kamati ya choo cha soko.” Akakohoa. “Ndugu yetu fundi aliyechimba choo cha soko.”

Kilua alikuwa amesimama kichwani mwa kitanda. Midomo ya Sikudhani ilikuwa imeanza kugeuka rangi, inaingia zambarau. Macho yake yalikuwa wazi, makubwa, yamemwangalia yeye tu. Kamluzi kalizidi kuwa kembamba. Kilua akamwinamia Katibu sikioni.

“Mheshimiwa akate utepe kwanza, hotuba itaendelea.”

“Itifaki, Bwana Mhifadhi.”

“Anakufa.”

“Hakuna anayekufa kwenye uzinduzi,” Katibu alinong'ona, akatabasamu kuelekea kamera.

“Ndugu wananchi,” Mheshimiwa aliendelea, “bomba hili ni bomba la hewa. Wapo watu, na mimi nawajua, watakaouliza: kwani zamani hewa haikuwapo? Ilikuwapo. Lakini hewa hiyo haikuwa na miundombinu. Watu walikuwa wanavuta tu, kila mtu anavyotaka, bila mpango.” Watu wakacheka. Akakohoa tena, safari hii kwa muda mrefu, akajifuta kwa leso. “Kabla sijazindua, niruhusuni niseme machache kuhusu historia ya hewa.”

Kamluzi kakanyamaza.

Kilua alisubiri karudi. Hakakurudi. Kifua cha Sikudhani kilikuwa kinajitutumua chini ya utepe lakini hakuna kilichokuwa kinaingia, na mkono wake ulioshika khanga ukaanza kufunguka, kidole kimoja kimoja. Hapo Kilua hakufikiri sheria wala kazi yake. Alinyakua mkasi kwenye sinia, akaukata utepe.

“Daktari, ingia.”

Daktari Mbonea alikuwa ameshaingia. Alimlaza, akauinua ule ulimi mzito kwa chuma chake, akapitisha bomba. Likagoma. Akalitoa, akaliinamisha, akajaribu tena, jasho likimdondokea kwenye miwani. Wodi nzima ilikuwa kimya, hata ngoma. Kilua alikuwa amepiga magoti, ameushika mguu wa mkewe, anaongea na Mungu kwa maneno ambayo hakuyatumia tangu utoto. Kisha likasikika fuuu, sauti ya hewa inapita bombani, na kifua cha Sikudhani kikainuka. Kikashuka. Kikainuka tena. Kilua akauweka uso wake kwenye ule mguu akalia, mbele za watu, bila kujali.

*

“Nani amekata utepe?” Mheshimiwa aliuliza.

Swali hilo lilipita kwenye kipaza sauti, likazunguka wodi nzima, na watu wote wakamtazama Kilua. Polisi wawili wakamwinua kwa makwapa.

“Mtu mdogo hivi amezindua mradi wa taifa,” alisema Mheshimiwa, na sauti ikimtetemeka kwa hasira. “Bila cheo. Bila hotuba. Mkamateni. Na huyo daktari naye mkamatheni, na...”

Akasita. Akaugusa mdomo wake wa chini. Akautazama mkono wake, kisha akaugusa tena mdomo. Katika watu wote waliokuwamo humo, huyu ndiye aliyejua vizuri zaidi ukurasa wa pili ulisema nini. Wakati ule alikuwa karani wizarani, na ndiye aliyepanda cheo kwa kuuchoma moto. Uso wake ukabadilika rangi. Akamgeukia Daktari Mbonea, na kwa kuwa kipaza sauti kilikuwa bado mkononi, watu wote walisikia.

“Madhala,” alisema. Ulimi ulikuwa umeshajaa, hauna tena pa kugeukia. “Maddhali. Nithaidieni.”

“Mandhari,” Katibu aliwatafsiria wananchi, na machozi yakimlengalenga. “Mheshimiwa ametupa mandhari yake, hapahapa wilayani kwetu.”

Makofi yakalipuka. Bi Chausiku akapanda juu ya kiti akapiga kigelegele. Mheshimiwa akatikisa kichwa kwa nguvu kukataa, akapunga mikono, na wananchi nao wakampungia.

Polisi wakamwachia Kilua. Mandhari ya cheo kile yalihitaji Mhifadhi, na Mhifadhi alikuwa yeye. “Bwana Mhifadhi, kamba,” alisema Katibu.

Kilua akatoa kamba mkobani. Ilikuwa laini kwa kutumika. Akamtazama yule mtu aliyemtajia kamati nzima ya choo wakati mkewe anakata roho, na hatuna haja ya kumsingizia wema: mkono wake ulitaka kufunga. Ingekuwa kazi ya kawaida, ya halali, na angesifiwa. Akageuza macho kwa Sikudhani. Bomba lilikuwa mdomoni mwake, hawezi kusema neno, lakini alikuwa anaitazama kamba. Alimtazama mumewe kama hajawahi kujua anafanya kazi gani mpaka siku ile.

Kilua akaidondosha kamba sakafuni.

“Hajasema mandhari,” alisema. “Amesema madhara. Dawa imemdhuru, kama ilivyomdhuru mke wangu. Kama ilivyomdhuru yule mama wa ngozi, niliyemlinda asitibiwe mpaka akafa. Daktari, mtibu huyu mtu.”

Neno lile halikuwa limesikika hadharani kwa miaka. Mzee mmoja ukutani akainamisha kichwa. Bi Chausiku akateremka kwenye kiti taratibu, akajishika koo, kwa sababu yeye naye alikuwa na kikohozi tangu mfungo, na alikuwa akijipongeza kila siku.

Katibu ndiye aliyeiokota kamba. “Bwana Kilua amechoka, ana mgonjwa,” aliwaambia watu kwa upole, na polisi wakamshika Kilua upya. “Ila Mheshimiwa hajawahi kukosea Kiswahili hata siku moja.” Akamkalisha Mheshimiwa kwenye kiti chenye kitambaa, akamzungushia kamba vizuri, akakining'iniza kibao mbele ya tai yake. Kamera zikamulika.

“Bwana Katibu,” alisema Daktari Mbonea. “Bomba la pili lipo. Mradi ni uleule. Niruhusu.”

Na Katibu, ambaye hakuwa mtu mbaya, alifurahi kweli. Awamu ya pili ilikuwa jambo zuri kwa wilaya. Aliagiza utepe mwingine ufungwe kuzunguka kiti, na mkasi urudishwe kwenye sinia. Alipogeuka kumkaribisha mgeni rasmi ndipo alipokumbuka kwamba mgeni rasmi ndiye mradi, na hakuna utaratibu unaoruhusu mtu kujizindua mwenyewe. Akapiga simu makao makuu. Akaambiwa wageni rasmi wote wako kwenye uzinduzi, asikate, asubiri kwenye laini.

Akasubiri. Muziki wa simu ulikuwa unapiga. Nyuma ya utepe Mheshimiwa alikuwa ameinama mbele, mate yakimchuruzika juu ya kibao, na kamluzi kadogo kameanza kusikika kooni mwake. Mkono wake ukajinyoosha chini ya kamba, polepole, ukapapasa sinia, ukautafuta mkasi.

Katibu akauona. Akausogeza ule mkasi mbali kidogo, kwa adabu, akamwinamia sikioni.

“Subira, Mheshimiwa,” alimwambia. “Mgeni rasmi bado hajafika.”